Pembetatu za Fedha na Ndoo ya Sonara

Kila alasiri akitoka shule, Macho alipitia maabara ya chuo alikofanya kazi shangazi yake, akafanya hesabu zake pale huku akimsubiri. Jina hilo alibandikwa nyumbani, maana hakuna kilichompita. Jirani akibadilisha kufuli, Macho ndiye wa kwanza kujua.

Wiki hiyo alikuwa amemkazia macho sonara wa mtaani. Mtu gani hufunga mlango na madirisha mchana kutwa? Na ile ndoo aliyomwaga kila jioni nyuma ya nyumba, hatua chache tu kutoka kisimani, ilikuwa na nini? Alishasikia kwamba masonara wengine hutumia zebaki, na zebaki ni sumu.

"Shangazi, hiyo dawa yako ya buluu inaweza kumkamata mtu?"

"Haikamati mtu, inapima maji," shangazi alijibu, akidondosha tone moja moja kwenye chupa ya kioo. "Humu mna chembe za fedha, ile ile ya pete, ila ndogo mno, hata hadubini ya shuleni kwenu haizioni. Nimezitengeneza ziwe na umbo la pembetatu, ndiyo maana unaona buluu. Zebaki ikiingia, pembe zinaharibika na rangi inageuka."

"Nikuletee maji ya kisima chetu?"

"Lete. Lakini chupa uisuuze mara tatu kwa maji haya ya maabara, si kwa kitu kingine."

Macho aliyasahau maji hayo mezani. Kesho yake aliona uvivu kurudi kuyachukua, akaisugua chupa kwa chumvi ya jikoni, kama mama yake alivyosugua chupa ya chai, akaisuuza juu juu na kukimbilia kisimani.

"Umeisuuza nilivyokwambia?" shangazi aliuliza alipoletewa maji maabara.

"Ndiyo, shangazi."

Shangazi alidondosha dawa kwenye maji. Ile buluu ikawa zambarau, kisha manjano. Macho alifurahi, na furaha hiyo ilikuwa mbaya. Shangazi alikunja uso. "Mbona haraka hivi? Nitarudia kesho. Usimwambie mtu."

Ungemwambia jogoo asiwike. Kabla ya magharibi mtaa mzima ulijua kwamba sonara ametia zebaki kisimani. Watu waligeuka kisimani na ndoo zao tupu, na mwenye nyumba akamwambia sonara ahame kesho yake kabla ya jua kuzama.

Asubuhi Macho alimkuta mke wa sonara akifunga vyombo kibarazani. Sonara mwenyewe alikwenda kisimani, akateka maji, akanywa, kisha akamnywesha binti yake mdogo mbele ya watu wote.

"Ningetia sumu kwenye maji anayokunywa mwanangu?" aliuliza.

Macho alikwenda mbio hadi maabara, akasema yote: chumvi, uvivu na uongo.

Shangazi hakumkaripia. Alitia chumvi kidogo kwenye maji ya maabara, akadondosha dawa. Ikawa manjano. "Chumvi nayo hula pembe," alisema. Kisha wakaenda kuteka maji ya kisima kwa chupa iliyosuuzwa vizuri. Shangazi alidondosha dawa pale pale, na watu wakakusanyika kutazama. Buluu ilibaki buluu.

"Sasa sema," shangazi alimwambia. "Mimi niko nyuma yako, lakini mdomo ni wako."

Macho alisema huku akilia. Mwenye nyumba akainamisha kichwa, akamwomba sonara abaki.

"Mlango naufunga upepo usipeperushe unga wa fedha," sonara alisema taratibu. "Zebaki sijawahi kuitumia. Na ndoo ile ni maji aliyoogeshewa mtoto. Ungeniuliza, mwanangu, ningekuonyesha."

"Nisamehe, baba."

"Nimekusamehe."

Mkewe alianza kufungua vyombo. Watu waliteka maji, lakini mama mmoja aliyanusa mara mbili kabla ya kuinua ndoo yake. Macho alimwona, akauliza kwa sauti ndogo, "Shangazi, kwa nini bado ananusa?"

"Kwa sababu rangi tumeirudisha kwa dakika moja, lakini imani ya watu hairudi hivyo. Kushuku si kosa, mwanangu. Mimi nashuku kutwa nzima, ndiyo kazi yangu. Lakini naanza kuishuku chupa yangu na mikono yangu, na nikikosea nasema siku hiyo hiyo. Ungesema ukweli jana, mtoto yule asingelala akiitwa mtoto wa muuaji."