Lango Lisilokubali Uongo

Kofia-nia ilikaa kichwani mwa Nyamizi, nyepesi kama kitambaa, ikisoma anachotaka kabla hajakitamka. Ukitaka kukimbia, mtu wako wa mchezoni anakimbia. Ukijifanya tu kwamba unataka, anasimama palepale anakutazama. Ndiyo maana vijana wa Tabora mpya walikuwa wamepagawa nayo.

Yeye na mdogo wake, Kabula, walikuwa wameucheza mchezo huo kwa miaka, na sasa walikuwa wamefika mwisho wake. Mji wao wa angani, mle mchezoni, ulikuwa unavuja hewa. Mmoja wao ilibidi abaki nje afunge lango, na mtu wake afutike moja kwa moja, sura, sauti na kila alichojifunza. Mwenzake angeokoka pamoja na mji mzima.

Mama yao, aliyekuwa akiutazama mchezo kwenye skrini ya ukutani huku anachambua mchele, hakuona ugumu wowote. "Nyamizi, baki wewe. Mwachie mdogo wako."

"Sawa, Mama," akajibu, kama alivyojibu maisha yake yote. Alishamwachia Kabula kitanda cha dirishani, paja la kuku, hata nafasi katika chuo cha marubani wa anga. Akamwelekeza mtu wake langoni.

Mtu wake akasimama palepale, na lango halikusogea. Kofia ikasema kwa upole, sebule nzima ikisikia, "Mchezaji hajataka."

"Limeharibika hilo dude," Mama akasema.

Lakini Kabula alizijua kofia hizo. Chuoni ndizo walizorushia vyombo vya anga, na hazikosei. Akamgeukia dada yake taratibu. "Dada, ile nafasi ya chuo uliitaka?"

"Niliitaka sana. Nililia wiki nzima, na hakuna aliyeniuliza."

Kabula akafumba macho, akajilazimisha kutaka kubaki yeye. Akajitahidi mpaka jasho likamtoka. Kofia yake nayo ikasema yaleyale, na aibu ikampanda mpaka masikioni, kwa maana hakuwahi kumwachia mtu kitu.

Taa za mji zikazimika nyumba baada ya nyumba, watu wao wawili wamesimama tu mbele ya lango lililo wazi. Mama aliweka ungo chini. Alikuwa amenywea.

"Mwanangu," akasema, "kwani wewe ulikuwa unataka nini?"

Kofia ikaanza kujibu. Nyamizi akaivua haraka, akaiweka kando, kisha akamsogelea mama yake ili amwambie mwenyewe.