Majabari Sitini ya Kinsi

Kila asubuhi, kabla hata ya kunywa chai, Kinsi alifungua boksi lake na kuhakikisha kwamba majabari wake wote wamo. Majabari walikuwa viumbe wa ajabu waliochorwa kwenye kadi ndogo zinazotoka ndani ya pakiti za biskuti. Walikuwa wa aina sitini, na katika shule yao yote mjini Isiolo, ni Kinsi peke yake aliyewapata wote. Alikuwa amekula biskuti mpaka akazichukia. Alikuwa amebadilishana kadi na watoto wa mtaa mzima, na binamu yake wa Garbatulla alimtumia mbili kwa dereva wa lori. Wenzake wa gredi ya sita walimwita Bingwa, naye aliitika bila haya.

Kwa hiyo Mwalimu Lokaale alipotangaza kwamba gredi ya sita itapambana na gredi ya saba katika mchezo wa majabari, na kwamba nahodha atapatikana Jumatatu kwa kushindana, Kinsi alijiona nahodha tayari. Aliyejitokeza kumpinga alikuwa Akai tu, rafiki yake na jirani yake. Akai alikuwa na kadi tisa zilizochakaa pembe zote.

"Tisa!" Kinsi akacheka. "Si ungoje kwanza ufikishe hata ishirini?"

"Hizi zinanitosha," Akai alisema. "Kuja Jumamosi tujaribu."

Jumamosi walikaa kivulini nyuma ya nyumba, kila mmoja akachagua majabari watano. Kila jabari ana nguvu yake na kitu anachokiogopa, na yote yameandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya kadi. Lakini mchezo ukishaanza, hairuhusiwi kugeuza kadi na kusoma. Kinsi alimtoa Mkia-Moto kwa sababu alikuwa anapendeza. Akai akamtoa chura mdogo wa kijani.

"Mkia-Moto anaogopa mvua," Akai alieleza, "na chura wangu kazi yake ni kuita mvua. Wako ameanguka."

Kinsi akamtoa Kifaru-Chuma, akaanguka. Akamtoa Popo-Radi, naye akaanguka. Hatimaye hakubakiwa na hata mmoja.

"Unaniibia!" Kinsi alifoka. "Ulichungulia kadi zangu!"

Akai alimtazama, akakusanya kadi zake tisa, akaenda kwao. Kinsi alijua vizuri kwamba Akai hakuchungulia, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Jioni mbuzi walirudi kutoka malishoni. Kazi ya Kinsi ilikuwa kuwafungulia boma. Mama yake alikuwa amemkataza mara nyingi kuwahesabu, kwa maana kwao mifugo haihesabiwi kama magunia ya mchele, ni mkosi. Lakini siku hiyo Kinsi alikuwa na hasira na haraka pamoja. Akawahesabu kwa kidole wakiingia. Ishirini na wawili, wametimia. Akafunga lango.

Mama alikuja akasimama langoni. Hakuhesabu. Aliwapitisha macho tu, kama anavyowatazama wanawe wakikaa kula.

"Adey yuko wapi?" akauliza.

"Wote wako, hooyo," Kinsi akamjibu mama yake. "Nimehesabu."

"Umehesabu?" Mama akashika kiuno. "Haya, mhesabuji, huyu wa masikio mafupi ni wa nani?"

Kinsi alimtazama yule mbuzi. Hakuwa wa kwao. Idadi ilikuwa sawa, lakini ndani alikuwamo mbuzi wa watu, na Adey, yule mweupe mwenye mimba, alikuwa nje. Jua lilikuwa linazama, na fisi hawakuwa mbali na mtaa wao.

"Habari ya jioni, mama," sauti ikasema. Ilikuwa ya Akai. Alimtazama Mama tu, si Kinsi. "Natafuta mbuzi wetu wa masikio mafupi."

"Yuko hapa, mwanangu. Lakini tusaidie kwanza. Adey amekaribia kuzaa, na yeye akizaa hujificha penye kimya. Angalieni nyuma ya lile ghala bovu."

Wasichana walitimua mbio. Nyuma ya ghala walimkuta Adey akimlamba mtoto mchanga aliyekuwa akijaribu kusimama na kuanguka. Kinsi akambeba mtoto, Adey akafuata akilia.

"Akai," Kinsi alisema njiani, "hukuchungulia. Nisamehe."

"Nilijua unajua," Akai akajibu. "Lakini ni vizuri umesema."

Siku iliyofuata Kinsi aliwatandaza majabari wake mkekani, akaanza kusoma. Aligundua kwamba Popo-Radi, aliyemwona wa maana sana, haoni mchana, na kwamba konokono aliyemdharau siku zote haogopi kitu isipokuwa chumvi. Alicheka peke yake mpaka Mama akachungulia.

Jumatatu darasa lilijaa. Konokono wa Kinsi alimwangusha chura wa Akai, na watoto wakapiga kelele. Wakaenda sare mpaka kadi ya mwisho, na hapo Akai akashinda. Kinsi ndiye aliyemshika mkono na kuuinua juu. Mwalimu Lokaale akamfanya msaidizi wa nahodha.

Alifika nyumbani akirukaruka.

"Umekuwa nahodha?" Mama akauliza.

"Hapana. Ni Akai."

"Mbona basi unacheka hivyo?"

"Kwa sababu Jumamosi sikujua hata kwa nini nilishindwa. Leo najua, hooyo. Na kesho nitamsumbua!"

Mama akacheka, akamvuta karibu. "Sasa umeanza ubingwa, mwanangu. Kukusanya kitu ni rahisi, hata boksi linaweza kukusanya. Kitu ni chako ukikijua: nguvu yake, woga wake, na kilipo wakati hukioni. Vile vingine umeviweka tu."

Kinsi aliketi, akamwita mama yake mkekani. "Kaa, nikufundishe kucheza."