Aliyetajwa Mlangoni

Hebu niambie wewe: nyumba unaijua haina mtu, ufunguo unao mfukoni, theluji imefika kizingitini na juu yake hakuna hata unyayo wa sungura. Utapiga hodi?

Torkel alipiga. Alivua glavu, akagonga mlango wa magogo kwa vifundo vitupu, akasubiri. Haukuwa mzaha. Alisubiri kama anayesikia mtu ndani anatafuta kandambili. Kisha akainamia ufa wa mlango akasema taratibu, "Ni Hedvig. Tumemleta Hedvig." Ndipo akaingiza ufunguo.

Joar, rafiki yao, akacheka. Kicheko kilichelewa kidogo, kama cha mtu aliyekumbushwa kucheka.

"Na nyie wengine hamna majina?" Hedvig akauliza, begi bado mgongoni.

"Wewe ndiye mgeni wa heshima, shoga," akasema Pernilla, mpenzi wake Joar, akampita haraka bila kumtazama.

Hedvig aliona ni mapenzi. Masikini. Likizo ikaenda vizuri: mchana wakiteleza kwa skii mlimani, jioni sauna, kile kibanda cha kuogea mvuke, halafu maandazi ya iliki na kahawa nzito. Ikabaki siku mbili warudi mjini Östersund, kila mtu kazini kwake. Hapo ndipo alipoanza kusikia harufu ya maziwa.

Maziwa ya moto, yaliyotoka kwenye kiwele sasa hivi. Lakini ile nyumba haikuwa na ng'ombe. Ilikuwa kambi ya malisho ya bibi yake Torkel, na ng'ombe wa mwisho aliuzwa Torkel akiwa mtoto wa kutambaa. Kule Jämtland, mkoa wao wa milima, wazee walijua mpaka: kiangazi kambi ni ya watu, mifugo ikishushwa bondeni inakuwa ya wale wengine. Vittra, wanaitwa. Mimi nasema majini, tusizungushane. Ukija msimu wao unagonga, unaomba, unataja anayeingia. Bibi alifanya hivyo hadi anakufa. Wajukuu wakasoma, wakapata shahada, wakaweka umeme wa jua na sauna, wakaanza kuja majira ya baridi na ufunguo wao mkononi, eti nyumba ni ya urithi.

Ylva, dada yake Torkel, ndiye aliyelipia. Miaka michache nyuma alitangulia peke yake kuwasha jiko. Hakugonga. Waliomfuata walikuta birika linachemka, viatu vyake vimepangwa vizuri karibu na mlango, na yeye hayupo. Nyayo za kuingia zilikuwepo. Za kutoka, hakuna. Watu walimtafuta hadi theluji ikayeyuka.

Na nani alilala kwao Torkel siku zote zile, akimshikia mama yake kikombe ili anywe japo funda moja? Hedvig. Ylva alikuwa rafiki yake wa damu. Ndiyo maana Torkel alipomwambia, "Twende sisi wanne, tumkumbuke," hakuuliza mara mbili.

"Torkel, unasikia harufu ya maziwa?"

"Hapana."

"Pua yako imeganda? Nyumba nzima inanuka zizi!"

"Nimesema hapana, Hedvig." Akainuka akaenda kuchanja kuni, na sanduku la kuni lilikuwa limejaa.

Mchana ule alirudi kutoka kwenye skii akakuta kitanda chake kina joto. Blanketi lilikuwa limetandikwa, lakini shuka la chini lilikuwa na joto la mtu aliyeamka sasa hivi, na juu ya mto palikuwa na unywele mmoja mrefu, mwekundu. Hedvig nywele zake ni nyeusi na fupi. Za Pernilla ni nyeupe kama kitani. Mwenye nywele nyekundu alikuwa mmoja tu, na huyo aliombewa kanisani bila jeneza.

Hakupiga kelele. Alichukua ndoo akaenda kwenye tundu la barafu kuteka maji, maana mikono ikipata kazi kichwa hutulia. Saa tisa alasiri, giza limeshafunga. Alipokuwa akirudi akapita nyuma ya sauna, akasikia watatu wale wakinong'ona ndani.

"Mimi siwezi tena kumpa kahawa huku namwangalia usoni," Pernilla alikuwa akisema, sauti imelowa.

"Basi usimwangalie," akajibu Joar.

"Kesho mchana tu," akasema Torkel. "Tunaosha nyumba, tunaondoka. Ylva yuko karibu. Nimemwona dirishani, kavaa sweta la Hedvig. Wanawabadilisha kidogo kidogo, kama bibi alivyosema. Wakiwa na mtu wako, ukamtaja mwingine mlangoni, huyo anakuwa wao, na siku ya kuondoka wanakurudishia wako."

"Lakini Hedvig naye ana kwao," akasema Pernilla.

"Ana baba tu," akajibu Torkel.

Ana baba tu! Kama vile wamekaa wakapima, mzani huku una mama, mzani huku hauna, basi huyu ndiye atakayeliliwa kidogo.

Hedvig akaiweka ndoo chini polepole, isigonge barafu. Skii zake zilikuwa zimeegemea ukuta. Akazivaa bila kofia, bila taa, akaifuata njia ya kushuka bondeni anayoijua tangu utotoni, mteremko mmoja, hakuna njia panda; akateleza huku misonobari ikimpita pande zote mbili, na nyuma yake, chini ya theluji na si juu yake, kengele za ng'ombe zikaanza kulia, moja, kisha nyingi, kisha sauti ya mwanamke ikaita mifugo kwa ule mwito mrefu wa wachungaji wa kiangazi, mwito ambao hauna kazi wakati wa baridi kwa sababu hakuna cha kuitwa, na kila ulipopanda ndivyo skii zake zilivyopungua mwendo ingawa mteremko ulikuwa bado unashuka, hadi akaona mwanga mbele, akaukimbilia akilia kwa shukrani, na mwanga ule ulikuwa dirisha la jikoni, na ndoo yake ilikuwa pale pale alipoiweka, maji bado hayajaganda.

Simu ilishika mtandao kwenye dirisha la ngazi tu. Akapiga simu ya baba, haikupokelewa. Akapiga ile ya dharura. Akakaribishwa na muziki wa piano na sauti tamu: *asante kwa subira yako, wapigaji wengine wako mbele yako*. Subira! Nchi ile mtu akitaka kufa lazima apange foleni. Alipopokelewa na mtu wa kweli, akanong'ona, "Wenzangu wanataka kuniacha."

"Wanakuacha wapi?"

"Kwa wale wa chini."

"Umekunywa kileo leo, mpenzi?"

Akakata.

Akashuka jikoni akachukua kisu cha kuchunia, kwa kuwa chuma wale hawakipendi, hilo hata mtoto wa kule anajua. Torkel alikuwa peke yake mezani, anakata mkate.

"Nimewasikia," akasema Hedvig.

Torkel hakukana. Hilo ndilo lililomkata maini. Aliendelea kukata mkate, vipande sawasawa, machozi yanadondoka juu ya ubao.

"Mama yangu hali chakula, Hedvig. Unajua. Umeona kwa macho yako."

"Nimeona? Mimi ndiye niliyemlisha!"

"Ungekuwa wewe ungefanyaje? Dada yako yuko nyuma ya ukuta, unamsikia anaimba..."

"Ningekuuliza." Sauti yake ilishuka hadi ikawa pumzi. "Ungeniuliza tu, Torkel. Ungekuja kwangu useme, Hedvig, njia ni moja na ni mbaya. Mimi nampenda Ylva. Huenda ningekubali. Lakini umenishika mkono, umenipandisha mlima, umenipa andazi, umenitaja kama mbuzi anavyotajwa bei."

"Shusha kisu basi."

"Kesho mimi nitakuwa wa kwanza kuingia garini. Anayetaka kunitoa, aje."

Hakulala. Kulipopambazuka kwa ule mwanga wao wa buluu usio na jua, watatu wale wakaanza usafi, maana kambini huondoki ukaacha uchafu, ni aibu kubwa kuliko wizi. Wallahi, hawa watu! Wanamwacha mwenzao kwa majini, lakini wanabishana nani hajafuta nyuma ya jiko. Joar akapanga kuni ndogo tayari kwa atakayekuja baadaye. Pernilla akagawa jibini iliyobaki, sawa kwa sawa, na Hedvig naye akatengewa kipande chake. Alitengewa! Kikafungwa vizuri kwenye karatasi, kikaachwa juu ya meza.

Wakati wanadeki, yeye akatoka. Hakuna aliyemzuia. Akapita uani na kisu mkononi, akafungua gari, akakaa kiti cha nyuma, akafunga mkanda. Akapumua. Kioo kilikuwa na ukungu, akakifuta kwa mkono wa sweta. Akawaona wakitoka na mifuko, Torkel akivuta mlango mara mbili ulivyo mgumu, Joar akipiga teke theluji iliyoshika tairi, akamwona Pernilla akija upande wake, akifungua mlango, akikaa, akigeuka na kutabasamu kwa mara ya kwanza tangu waje, tabasamu la mtu aliyetua mzigo, na kumfunika magoti kwa blanketi huku akiuliza, "Una baridi, Ylva?", na Hedvig akataka kusema mimi si Ylva, lakini mdomo uliofunguka pale kwenye kiti ulikuwa na nywele nyekundu zimeuzunguka, na ile mikono juu ya mkanda ilikuwa na madoa madoa ya Ylva, na yeye alikuwa anayaona hayo yote kwa mbali mno, kwa mbali kama uani hadi jikoni, kwa sababu kioo alichokuwa anakifuta hakikuwa cha gari, kilikuwa cha dirisha la nyumba, na anakifuta kutoka ndani, na anagonga, na anapiga ngumi, na gari linawaka, linageuka, linapita ghala la nyasi, na Torkel, ambaye ndiye pekee aliyegeuza shingo, akaangalia dirisha lile moja kwa moja kisha akashusha kofia machoni.

Nyuma ya Hedvig, jikoni kulikosafishwa, harufu ya maziwa ilipanda. Kiti kikavutwa. Mkono ukamshika begani kwa upole, kama mwenyeji anavyomshika mgeni aliyechoka kwa safari, na ulikuwa na baridi iliyopenya sweta, ngozi, hadi mfupa.

Ylva alionekana! Habari ilienea hadi pwani. Mkasa wa karne, muujiza wa mlima, magazeti yakajaa. Na Hedvig je? Eti alitoka peke yake kwa skii, akapotelea kwenye dhoruba. Dhoruba gani, wakati kila mtu anajua juma lile hapakuvuma hata upepo wa kuzima mshumaa? Hakuna aliyeuliza. Furaha ina adabu yake, haipendi maswali.

Jumapili iliyofuata ukumbi wa kanisa ulijaa. Keki ya malai, kahawa kwenye madumu makubwa, mama yake Torkel anakula kwa mikono miwili, analia, anakula. Ylva alikaa katikati yao, sura haijazeeka hata siku moja tangu apotee. Hakuwa amesema neno tangu arudi. Madaktari wakasema mshtuko.

Mlango ukafunguka, akaingia Sixten, baba yake Hedvig. Mtu mkubwa, dereva wa mtambo wa kusafisha theluji barabarani. Nguo za kazi mwilini, ndevu zimeshika barafu. Alikuwa ametoka mlimani kumtafuta bintiye. Alikuwa anatoka mlimani kila siku. Mazungumzo yakakatika meza moja baada ya nyingine.

"Sixten, karibu, kaa," akasema mama yake Torkel, mdomo una malai. "Pole sana, baba. Lakini leo, nakuomba, si siku yake."

"Siku yake ni ipi?"

Na hapo Ylva akainuka. Kikombe kikamtoka mkononi, kahawa ikatambaa kwenye kitambaa cheupe, hakuitazama.

"Baba Hedvig," akasema. Sauti yake ilikuwa imekwaruza kama bawaba. "Anagonga. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta ule, nilijua mnanitafuta, nikagonga mpaka nikachoka. Yeye hachoki. Nikilala namsikia. Anamwita Torkel. Anamwita Pernilla. Anauliza kwa nini hawakumuuliza."

"Ylva, nyamaza," Torkel akanong'ona. "Nyamaza, dada, unaumwa."

"Mimi siumwi. Mimi sikukuomba, Torkel!"

Wazee kwenye meza ya nyuma walikuwa wamezamisha macho ndani ya vikombe vyao. Wote. Sixten akawatazama mmoja mmoja, akaelewa: hawa walijua. Walipoona Ylva amerudi bila Hedvig, walijua kilichofanyika, wakaja kula keki.

Akaenda hadi meza ya mbele. Hakupaza sauti.

"Torkel. Joar. Pernilla. Mtu aliyekufa hagongi. Mwanangu yuko hai, mmemtoa nyie, na hawa wazee wenu wamewafunika. Sitaki pole. Sitaki maua. Vaeni makoti. Na nyie wa nyuma pia, vaeni. Gari langu liko mlangoni linaunguruma, mnapanda wote, na huko juu atakayetajwa mlangoni na kuingia badala ya mwanangu hatakuwa mimi. Chagueni nani. Chagueni sasa hivi, mbele yangu, kwa sauti, nisikie."