Mlingoti Uliopinda Curepipe

"Chai imepoa," ilisema sauti ya mkuu wake wa polisi kwenye simu.

Gaëtan Perrine alifumba macho. Maana yake mzigo unaondoka leo.

"Saa ngapi?"

"Lori litafika baada ya dakika ishirini. Vunja zote."

"Zote ishirini?"

"Una wazo jingine?"

Simu ikakatika.

Aliirudisha Nokia mfukoni, jirani na bastola yake, Glock ambayo hakuwa ameifyatua kwa miaka sita. Alikuwa na miaka hamsini na minne, na magoti yalimuuma kila iliponyesha. Curepipe, huku nyanda za juu, mvua si mgeni, ni mwenyeji. Miezi minane alikuwa ameishi humu kiwandani kwa jina la Michel, mfungashaji, akizilaza merikebu ndogo za mbao kwenye masanduku ya nyasi.

Amechoka. Amechoka hasa.

Juu ya meza zilisimama manowari ishirini za matanga, kila moja urefu wa mkono, mizinga sabini na minne, pacha tupu. Ndani ya mojawapo kulifichwa kadi ndogo kama ukucha. Ilibeba majina ya wavuvi kumi na mmoja waliokuwa wakiwapasha polisi habari za mashua za heroini. Ikivuka bahari, wote ni maiti.

Jina la nne lilikuwa Jocelyn, mtoto wa Rosemay. Gaëtan ndiye aliyemwingiza kwenye kazi hiyo ya kupasha habari, na jambo hilo lilimkosesha usingizi.

Rosemay mwenyewe alikaa dirishani akipitisha uzi kwenye donge la nta. Mara tatu kila uzi, kama alivyofanya kwa miaka thelathini. Kamba za merikebu zote ishirini alizifunga yeye.

"We Michel, umesimama kama nguzo ya umeme! Masanduku yatajifunga yenyewe?"

"Shangazi, ile aliyoazima Lindqvist ni ipi?"

Lindqvist ndiye mnunuzi. Alichukua moja kwa siku tano nyumbani kwake Grand Baie, kwenye jua la pwani, eti awaonyeshe rafiki zake. Jana aliirudisha, akaichanganya na zile nyingine kwa mkono wake. Alitaka isafiri kwa mhuri wa kiwanda, maana forodha hawaugusi.

"Nitaijuaje? Zote wanangu."

Gaëtan alizipitia moja moja. Mafundo sawa. Sitaha safi. Mshenzi yule alikuwa fundi.

Honi ikalia nje.

Lindqvist akaingia, mkono mmoja ndani ya koti.

"Bado hamjafunga?"

"Mvua, bwana."

"Mvua imeingia humu ndani?"

Rosemay akafyonza. "Ndiyo, imeingia! Nani kanipindia mlingoti?"

Alikuwa ameishika ya kumi na tatu. Ncha ya mlingoti wa kati ilikuwa imevutwa kuelekea tezi, nyuma ya merikebu.

"Uzi huu haukuonja nta," alisema kwa hasira. "Umekunywa unyevu usiku kucha, ukajikaza. Kaufunga mtu wa pwani huu. Mtu wa Curepipe hathubutu!"

Gaëtan akamgeukia Lindqvist.

Mkono wa Lindqvist ukachomoka na bastola.

Nyundo ya masanduku ilikuwa karibu kuliko Glock. Gaëtan aliishusha kwenye kifundo cha mkono ule. Bastola ikaanguka. Akamlaza Lindqvist kifudifudi, akamfunga pingu, huku magoti yakimlaani.

"Nisamehe, shangazi."

Akaipasua sitaha kwa nyundo ileile. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kadi ilibandikwa humo, chini kabisa tumboni mwa merikebu.

Akabonyeza redio yake ya Motorola. "Chai imepata moto."

"Umevunja ngapi?"

"Moja."

Askari waliingia, wakamburuta Lindqvist hadi kwenye Hilux ya polisi. Rosemay aliitazama bastola, kisha akamtazama mfungashaji wake.

"Jocelyn hukuulizia kila Jumapili. Sijapata kuwakutanisha, nikawa najiuliza mnajuanaje."

Gaëtan akaiokota bastola sakafuni.

"Yuko salama?"

"Sasa yuko salama."

Mama yule alikata uzi wa pwani, akautupa. Akanyoosha mlingoti. Akatwaa uzi uliopakwa nta.

"Shika hapa."

Akashika. Nje Hilux ilinguruma kwa kukosa subira. Hakutikisika mpaka fundo likakaa.

"Mwambie mwanangu aiache kazi hiyo."

"Nitamwambia."

"Na wewe uiache, baba. Umezeeka."

Gaëtan alivaa koti, akatoka mvuani taratibu bila kugeuka nyuma. Simu ilikuwa inaita tena mfukoni.

Aliiacha iite.