Hakimu na Futi Iliyovutika

Kila alasiri baada ya shule, Hakimu alifagia vipande vya vitambaa katika chumba cha ushonaji cha mama yake, kisha akawapima wateja. Jina hilo alipewa nyumbani, maana hakuna ugomvi uliompita bila kuutolea hukumu. Dada yake mkubwa alikata vitambaa na mama alishona.

Siku hiyo wote walikuwa hoi. Mama alikuwa amekanyaga cherehani tangu asubuhi, miguu imevimba. Ndipo muuguzi alipokuja kujaribu sare yake mpya. Ilimbana nyongani, zipu ikagoma katikati.

"Kesho naanza kazi," alisema kwa unyonge. "Nitavaa nini?"

Hakimu alipandwa na hasira. "Ni dada huyu. Anakata huku macho yapo kwenye simu. Hajali jasho la mama."

Maneno yalitoka ya moto, na kwa sababu ya moto huo yakaonekana ya kweli. Mama alijifuta uso. "Kuanzia kesho usiguse mkasi," alimwambia dada. Dada akauweka mkasi mezani. Kukata ndiyo kazi aliyoipenda kuliko zote.

Ili kushindilia hoja yake, Hakimu alichukua futi mpya ya dada akapima sare. Nyonga, inchi arobaini, sawasawa na daftari la vipimo. Akampima muuguzi. Arobaini na mbili. Akarudia, yaleyale.

Hasira ikamwisha, aibu ikamshika. Mwandiko wa daftarini ulikuwa wake. Yeye ndiye aliyempima muuguzi, kwa futi kuukuu inayoning'inia mlangoni. Alizilaza futi zote mbili mezani. Ile kuukuu ilikuwa imevutika, ikaizidi mpya karibu upana wa kiganja; ndiyo maana ilisoma inchi pungufu.

Angeweza kunyamaza. Alimtazama dada, akashindwa.

"Mama, kosa ni langu. Nilipima kwa futi mbovu. Dada, nisamehe."

Mama alivuta pumzi. "Hasira yako ilitokana na kunionea huruma, sikulaumu kwa hilo. Lakini mbwa akibweka hukwambia kuna mtu nje, hakwambii ni nani. Lazima uende ukaangalie. Hata mimi nimehukumu kwa uchovu, na uchovu hupenda jibu la karibu." Akamgeukia dada. "Chukua mkasi wako, mwanangu. Nimekukosea."

Dada alifumua mishono ya pembeni, palipoachwa akiba ya kitambaa, na mama akashona upya. Jua halijazama, zipu ikapanda mpaka juu.

Muuguzi alipoondoka, dada alimpa mdogo wake mkasi na ile futi kuukuu. "Haya, Hakimu. Toa hukumu."

Hakimu aliikata vipande vinne, bila hotuba.