Jina Alilolitaja Darsih

Jumanne moja Darsih binti Sukarma, wa mji wa Kawali, alipika wali wa manjano, akaufunga kwa majani ya mgomba, akapanda basi kwenda ziwani Panjalu. Mama yake, Mak Icih, alikuwa kitandani mwezi wa tatu, haponi wala hafi. Majirani walijua sababu: nadhiri. Nandang, kaka yake Darsih, alipokuwa na miaka saba nusura afe. Mama aliapa kwenye kisiwa kilicho katikati ya ziwa hilo kwamba mtoto akipona, atarudi na wali. Mtoto akapona. Miaka thelathini na minane ikapita, mama hakurudi.

"Mtaje kaka yako kwa jina lake," Mak Icih alimwagiza. "Bila yeye mimi si kitu."

Aliyekuwa akimgeuza kitandani na kumwosha ni Darsih. Nandang alikaa mjini Bandung, akija sikukuu kwa sikukuu.

"Dada, wali wote huo!" mpiga makasia alimtania. "Hata tonge moja la kunipoza?"

"Una wenyewe."

Kisiwani, walikokaa na kuzikwa wafalme wa Panjalu tangu enzi za Uhindu, popo walizozana mitini mchana kweupe. Mlinzi wa makaburi, Abah Emon, akaupokea wali.

"Nadhiri iliwekwa kwa ajili ya nani, mwanangu? Wafalme hupokea sadaka kwa jina; asiyetajwa bado wanamdai."

Darsih hakuwahi kuwekewa nadhiri hata siku moja.

"Darsih binti Sukarma."

Popo wakanyamaza. Wote.

"Una hakika?" Abah Emon alinong'ona.

"Nina hakika."

Alasiri alimkuta mama ameketi, anakula. Kabla hajafurahi, simu ikalia. Alikuwa mke wa Nandang. Nandang amekutwa kitandani, amekufa. Godoro kavu. Sakafu kavu. Kinywani mwake, maji na majani ya ziwani.

Mak Icih hakulia. Alimshika Darsih shavu.

"Nandang, mwanangu. Umekuja."

Huu ni mwaka wa tisa. Mak Icih yu hai, na hajamwita bintiye kwa jina lake tena. Kila Jumanne Darsih hupangusa sakafu, kutoka mlangoni hadi kitandani kwa mama. Anafuta nyayo zilizolowa. Ni za mtoto wa miaka saba. Katika unyayo wa mwisho huwa pana punje moja ya wali wa manjano, ingali na joto.