Njugu za Rael Zapimwa kwa Majani

Rael hakuwa mtu wa kutulia. Akipepeta mahindi, jicho moja liko kwenye ungo, lingine liko shambani. Jioni hiyo aliinuka tena kabla chai haijachemka.

"Si ukae, Rael," alisema Dishon, mume wake. "Njugu hazikimbii."

"Hazikimbii, lakini zinakauka."

Ilikuwa mvua ya vuli ya mwaka 1995, karibu na Rangwe. Dishon alikuwa na wake wawili. Phelesia ndiye mkubwa, yule ambaye Waluo humwita Mikayi. Rael, mke mdogo, ni Mkuria kutoka upande wa mpaka wa Tanzania. Alipoolewa alikuja na mbegu ya njugu ya marehemu mama yake. Ni njugu ndogo, nyekundu.

Katika boma hilo Mikayi hupanda kwanza, mdogo husubiri. Phelesia alianza kupanda mvua ya kwanza iliponyesha. Hakuwa na haraka. Zamu ya Rael ilipofika, mvua ilikuwa karibu kukatika. Sasa njugu za Phelesia zilikuwa za kijani, za Rael zilikuwa zimesinyaa.

"Hiyo mbegu yako ni dhaifu, Nyar Kuria," Phelesia alimwambia, akimwita binti wa Kuria kwa Kiluo. Hakusema kwa ubaya. Ndivyo alivyoona.

Dishon naye alipenda sana njugu za kukaanga. "Msimu ujao tupande ya Mikayi peke yake," alisema. "Ile yako iliyobaki nyumbani tukaange tule."

Iliyobaki ilikuwa gorogoro moja tu, kopo la kupimia la kilo mbili. Rael aliumia moyo mpaka chai ikamshinda. Mbegu hiyo ikiliwa, mbegu ya mama yake imekwisha.

Asubuhi yake aliona mgeni katika shamba la jirani. Alikuwa Bi. Sumeya, mtafiti wa mazao. Alikuwa akichuma majani ya njugu na kuyatia katika bahasha. Rael alimkimbilia.

"Madam, unapeleka wapi hayo majani?"

"Kupimwa. Tunataka kujua ni mbegu gani inayotumia maji vizuri."

"Basi chuma na yangu. Chuma leo."

Walikwenda pamoja. Sumeya alitazama vipande viwili vya shamba. "Mlipanda siku moja?" aliuliza.

"Hapana. Mikayi alitangulia. Mimi nilisubiri amalize."

"Basi siwezi kuchuma. Mbegu ya Mikayi ilikunywa mvua, yako ilikuta kiu. Tukizilinganisha hivyo, tutakuwa tunapima mvua, hatupimi mbegu."

Dishon na Phelesia walikuwa wamefika kusikiliza. "Kwani jani linajua nini kuhusu maji?" Phelesia aliuliza.

"Jani lina vitundu vidogo sana, Mama," alisema Sumeya. "Hewa huingia hapo, na maji hutoka hapo hapo. Ndani ya hewa kuna kaboni. Mmea hutumia kaboni kujenga mwili wake. Sasa, kaboni iko ya aina mbili, nyepesi na nzito. Ile nzito ni chache, na jani huipenda kidogo."

"Kama mimi na samaki wenye miiba," alisema Dishon.

"Vizuri. Muuza samaki akileta karai jipya kila mara, wewe utachagua wanono tu. Karai lisipojazwa je?"

"Nitakula hata wenye miiba. Nifanyeje?"

"Jani pia ni hivyo. Vitundu vikiwa wazi sana, hewa mpya inaingia kwa wingi. Jani linachagua kaboni nyepesi, lakini linapoteza maji mengi. Vitundu vikibanwa, hewa ya ndani haibadiliki haraka, na jani linachukua nzito pia. Maji yanayopotea ni machache. Kwa hiyo mashine ikikuta nzito zaidi katika jani la njugu, tunajua mmea huo ulijenga mwili kwa maji kidogo. Lakini lazima mbegu zote zipandwe siku moja, mahali pamoja."

Phelesia alikunja uso. "Hapa mimi ndiye ninayeanza kupanda."

"Na uanze, Mama. Tia mbegu ya kwanza. Rael afuate nyuma yako asubuhi hiyo hiyo."

Phelesia alifikiri, akakubali. Dishon alikubali kuacha kikaango kwa msimu mmoja tu.

Masika ya 1996 walipanda mistari ya mbegu zote mbili pamoja, juu kwenye mteremko. Phelesia alitangulia, Rael akamfuata. Kisha jua likawaka, na mvua ikapotea. Rael hakulala vizuri. Asubuhi moja alibeba ndoo ya maji kwenda kwenye mistari yake. Akamkuta Phelesia huko.

"Rudisha hayo maji," alisema Phelesia. "Ukimwagilia zako, na mimi nitamwagilia zangu. Madam atatuletea majibu ya ndoo."

Rael aliona aibu. Akarudi na ndoo yake.

Sumeya alikuja, akachuma majani ya umri mmoja kutoka mistari yote. Yalikaushwa, yakasagwa, yakapelekwa mbali penye mashine. Rael alisubiri kwa wasiwasi. Wakang'oa njugu, wakazikausha, na majibu bado.

Hatimaye Sumeya alirudi. "Majani ya Rael yana kaboni nzito zaidi," alisema. "Mbegu yake inatumia maji kwa uangalifu. Lakini jani peke yake halitoshi. Mmea unaweza kubana maji na usizae. Mlivuna vipi?"

Dishon alijibu yeye. "Huko juu, za Rael zimezaa kushinda za Mikayi."

"Basi huko juu pandeni za Rael. Chini karibu na kijito, pandeni za Mikayi, maana ni kubwa na maji yapo. Na mpande kwa wakati mmoja, msipitwe na mvua."

Walifanya hivyo. Msimu uliofuata mvua ilikuwa haba tena, lakini mteremko wa juu ulitoa njugu za kuuza na za kuliwa. Dishon alikaangiwa mpaka akachoka.

Siku moja Phelesia alisimama mlangoni kwa Rael na kopo tupu mkononi.

"Nyar Kuria, binti yangu Marcella ameolewa mahali pakavu," alisema. "Nipimie mbegu ya mama yako nimpelekee."